Mpira wa Miguu na Mbio Ndefu

Mara nyingi watu hubishana barazani: katika mpira wa miguu na mbio ndefu, ni upi mchezo uchoshao mwili zaidi? Sisi zamani tulikuwa na jibu letu, na jibu hilo lilimwumiza mtoto.

Tangu ujana tulipenda mbio ndefu. Tulikuwa na mwanafunzi mmoja, hodari wa mpira; lakini Jumatano moja tulipowakimbiza watoto kilomita 10, alifika wa mwisho, akitembea. Tukamwita mvivu mbele ya wenzake. Alhamisi hakuja shule, wala Ijumaa.

Jumamosi walimu walicheza mpira na wanafunzi, na mtu mmoja akapungua, tukaingia sisi. Twalikuwa na hakika kazi ni nyepesi. Haikupita robo saa, pumzi zikatupaa, mapaja yakawaka moto, tukawa twatembea tu. Na yule mtoto alikuwa chini ya mwembe, akitazama.

Ndipo tulipotafakari. Mkimbiaji wa marathoni huenda kilomita 42 na mita 195 kwa mwendo usiobadilika sana. Moyo na mapafu havipati nafasi ya kutua, na sukari iliyowekwa akiba katika misuli hupungua, hata wengi huishiwa nguvu wapitapo kilomita 30. Mchezaji wa mpira huenda kama kilomita 10 katika dakika 90. Lakini hutembea, hukimbia ghafula kwa nguvu zote, husimama, hugeuka, huruka, hugongana na wenziwe. Magoti yake hupata mishtuko isiyompata mkimbiaji. Tena misuli ya watu si sawa: mmoja ana nyuzi nyingi zivutazo upesi na kuchoka upesi, mwingine ana nyingi zivutazo polepole na kudumu. Mazoezi husaidia, lakini kila mtu huzaliwa na kipimo chake.

Wala kufika wa mwisho si uvivu. Mwaka 1968 John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, akaumia goti. Alifika wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Lakini alifika, na watu wamheshimu kwa hilo. Na mtoto wetu naye alikuwa amefika. Hilo hatukuliona.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kwao, tukamwomba radhi mbele ya wazazi wake. Alitazama chini, kisha akatabasamu, akasema, "Mwalimu, hata wewe jana ulitembea." Jumatatu alirudi shuleni.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za mwili mmoja wenye viungo vingi. Basi, sisi tulio walezi, tusimpime mtoto kwa kazi tuiwezayo sisi wenyewe.