Sufuri Tatu

Mama yangu amekwisha kupindukia miaka 80, na mpaka mwaka jana alikuwa akiamka saa nane za usiku kwenda kusikiliza mfereji. Mtaani kwetu, huku Ng'ambo ya mji wa Unguja, maji hayana miadi na mtu. Huja yanapopenda, aghalabu watu wamelala, yakakaa saa moja au mbili kisha yakaondoka. Asiyewahi kulijaza tangi lake hushinda na ndoo mkononi. Mimi usingizi wangu ni mzito. Wa mama ni wa mang'amung'amu. Usiku mmoja aliteleza ukumbini akaangukia ubavu. Hakuvunjika, nashukuru, lakini nilipomwinua na kuhisi wepesi wa mwili wake mikononi mwangu, nilimwambia: "Mama, basi. Nitatengeneza kitu kitakachoniamsha mimi."

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kutunga mashairi na kutafsiri ya wengine, na hata Kiarabu ninachotafsiria nilikipata kwa kamusi na subira, si kwa chuo. Umeme nao nilijifunza vivyo hivyo. Nilianza katika giza lile la kisiwa kizima, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipotukatikia kwa miezi mitatu. Nilifungua taa mbovu ya betri kwa sababu sikuwa na mwanga wa kusomea, na tangu hapo sijaacha kufungua vitu.

Nilichokusudia kilikuwa chepesi kueleza. Vijiti viwili vya chuma hukaa kwenye mdomo wa bomba. Maji yakifika huviunganisha. Ubongo mdogo ulioko ndani huhisi, husubiri kidogo ujiridhishe kuwa si tone lililopotea njia, kisha hupiga kengele kitandani kwangu. Ubongo wenyewe ni maikrokontrola iitwayo ATmega328P, iliyobuniwa na kampuni ya Atmel ambayo tangu 2016 imo mikononi mwa Microchip. Ina miguu 28, kumi na minne kila upande. Ubao wake niliutengeneza nyumbani: nikachora njia za umeme, nikazichapisha kwenye karatasi ya kung'ara, nikazihamishia juu ya bati la shaba kwa pasi ya nguo, nikalitia bati katika dawa inayokula shaba yote isiyofunikwa kwa wino. Nikatoboa matundu, nikalehemu.

Kuna kipande kimoja cha kuelezwa mbele kwa sababu kisa kizima kimo ndani yake. Ubongo wa namna hii hauendi bila ya mapigo. Unayo saa yake ya ndani, lakini mimi niliupa kristali ya nje, kipande cha madini kinachotetema mara milioni 16 kwa sekunde. Kazi yangu haikuhitaji kasi hiyo hata kidogo. Niliifuata kwa kuwa michoro niliyojifunzia ilikuwa nayo. Nakiri pia kuwa namba 16 ilinipendeza, kwani ndiyo mizani ya mshororo wetu wa shairi, nane kwa nane. Kila mguu wa kristali huwekewa kapasita ndogo sana, ya pikofaradi 22, ili utetemaji utulie.

Nikawasha. Kimya.

Nilianza kukagua kwa utaratibu, kama mtu anayehesabu mizani za ubeti uliochechemea. Kwanza umeme: baina ya mguu wa 7 na wa 8, volti 4.98, baina ya mguu wa 20 na wa 22, vilevile. Kisha mguu wa kwanza, ambao ukishuka chini ubongo husimama ukangoja; haukuwa umeshuka. Nikafuata kila njia ya shaba, huku mita ikilia kunithibitishia kuwa haikukatika. Nikapitisha sindano baina ya njia na njia, huenda uzi wa shaba mwembamba kama unywele ukawa umeziunganisha. Nikalehemu upya kila kiungo. Kimya kilekile.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba ule ubongo ulipokuwa mpya, ukitumia saa yake ya ndani, ulipokea programu yangu bila ya taabu. Nilipouamuru uiache saa yake na uifuate kristali, hapo ndipo uliponyamaza, na hata kile kifaa cha kuandikia programu kikawa hakiusikii tena. Nikaamini kuwa nimeuua. Nikaagiza wa pili kutoka Dar es Salaam, ukaja kwa boti, nikaufanyia kama ule wa kwanza, nao ukafa kama ule wa kwanza. Wiki tatu zikapita hivyo. Mama hakuniuliza chochote. Ila kila saa nane nilipokuwa bado nimeinamia meza, nilisikia mkongojo wake ukumbini, taratibu, na mimi nikiwa na maiti wawili mkononi.

Dawa ilikuwa ni kwenda kuuliza, na hilo ndilo sikulitaka. Aliyejisomesha ana hofu yake ya peke yake. Aliyekwenda chuo akikosea, amekosea jambo moja; sisi tukikosea tunaona kama cheti tusichokuwa nacho kimedaiwa mbele ya watu. Karibu na Darajani kuna kijana anayetengeneza simu. Huniita mwalimu, na mara mbili tatu ameniletea beti zake nizitazame. Kwa wiki tatu nilikuwa nikipita njia nyingine.

Mwishowe nilikwenda, baada ya usiku ambao mkongojo ule ulisita katikati ya ukumbi na mimi nikasita kupumua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Aliupindua ubao, akausifu kwanza, kama nami ninavyozisifu beti zake kabla ya kuzikata. Kisha akachukua kioo cha kukuzia, akaguna.

"Mwalimu, hizi kapasita mbili hapa umezitia kwa makusudi?"

"Zina nini? Si ishirini na mbili hizo?"

"Zimeandikwa mia mbili ishirini na tatu."

"Naona. Ishirini na mbili, na hiyo tatu ni alama ya kiwanda."

Alinyamaza kidogo. Naamini alikuwa akitafuta njia ya kunambia bila ya kunivunjia heshima. "Tatu hiyo ni sufuri, mwalimu. Sufuri tatu. Hizi ni elfu ishirini na mbili."

Tarakimu ya tatu haisomwi, huhesabiwa. Ni idadi ya sufuri zinazofuata. Nilizidisha mara elfu moja, na kristali yangu ilikuwa kama mpiga ngoma aliyefungwa gunia la mchanga kila mkono. "Na katika kupima kwako kote," akaniuliza, "hizi hukuzitilia shaka?"

"Hizi nilikuwa nazijua," nikamjibu.

Akazing'oa, akatia mbili zilizoandikwa 22 tupu. Taa ndogo niliyoiweka kwa majaribio ikaanza kupepesa, mara moja kwa kila sekunde. Tukautoa ubongo wa pili, tukautia ule wa kwanza niliokwisha kuuzika: nao ukapepesa. Hapakuwa na maiti. Yote miwili ilikuwa hai muda wote, ikingoja pigo ambalo halikuja.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na lile jibu langu likinifuata. Hizi nilikuwa nazijua. Nilikwisha kulitamka kabla ya siku ile, mbele ya mtu mwingine.

Miaka mingi nyuma nilitafsiri shairi la Kiarabu kuhusu mama anayesimama mlangoni akimwangalia mwanawe anavyoondoka. Neno lililotumika kueleza hali yake lilikuwa hasra. Nikaandika "hasira". Sikufungua kamusi, kwa nini nifungue? Neno ni letu, tumelichukua kwao. Tena lilikaa vizuri ajabu: silabi tatu, na kina cha "ra" nilichokuwa nikikihitaji. Kitabu kikachapishwa. Mzee mmoja mjuzi wa lugha ile alinisomea mstari ule barazani kwake, akaniuliza kama hapo nina hakika. Nikamjibu kuwa neno hilo nalijua. Akanyamaza kidogo, kama alivyonyamaza yule kijana, kisha akanieleza kwamba hasra kwa Waarabu ni huzuni ya kilichokwisha kupotea, na kwamba neno lilipovuka bahari liligeuka likawa ghadhabu. Yule mama hakuwa amekasirika. Alikuwa amevunjika moyo, na mimi nimemsimamisha mlangoni kwa hasira miaka yote hiyo.

Maneno magumu ya shairi lile niliyakagua mara nne nne. Hili liliponyoka kwa sababu liliingia katika tundu lake bila ya kusukumwa, kama zile kapasita.

Kengele sasa iko kando ya kitanda changu. Usiku wa kwanza ililia saa tisa kasorobo. Nikaruka, nikafungua mfereji, nikapita mlangoni kwa mama. Alikuwa macho. "Nimeyasikia kabla ya mtambo wako," akanambia, na hakuondoa mguu wake kitandani.

Kapasita hung'olewa ikatiwa nyingine, lakini kitabu kilichouzwa hakirudi mezani kwa fundi. Tena neno lile halitoki peke yake: ni kina, nikiling'oa linaondoka na ubeti mzima. Mwezi huu nimeufumua ubeti ule na kuusuka upya kwa kina cha "nzi", ili "simanzi" lipate pa kukaa, na kikichapishwa tena utakuwemo. Hadi hapo, msomaji mwenye kitabu kile, shika kalamu, ufute "hasira" na uandike "simanzi" juu yake. Kina kitaharibika. Kiache kiharibike.