Krismasi ya gitaa moja: Tulivyofika Oberndorf

Kutoka Salzburg, nchini Austria, hadi Oberndorf ni kama kilomita 20, na treni ya abiria wa kawaida huchukua takriban nusu saa. Mji wenyewe si mkubwa. Mto Salzach unapita kando yake, na ukivuka daraja tu unajikuta Laufen, upande wa Ujerumani. Kilichotupeleka huko Desemba, mimi na mke wangu na watoto wetu wawili, ni kikanisa kimoja cheupe chenye pembe nane. Ni kidogo kiasi kwamba ukiwaingiza watoto wa darasa moja la shule zetu za msingi, wengi watabaki nje kwenye baridi.

Hapo ndipo lilipokuwa kanisa la Mtakatifu Nikolai, ambamo usiku wa tarehe 24 Desemba 1818 uliimbwa kwa mara ya kwanza wimbo ambao wengi wetu tunauita Usiku Mtakatifu. Kanisa lile halipo tena. Mafuriko ya mto yaliliharibu, likabomolewa mwanzoni mwa karne ya 20, na kikanisa hiki cha kumbukumbu kikazinduliwa mwaka 1937.

Wanangu walidhani wimbo mkubwa namna ile ulianza na kwaya kubwa na kinanda cha kanisa. Ulianza na gitaa. Maneno yaliandikwa mwaka 1816 na padri kijana, Joseph Mohr. Miaka miwili baadaye alimpelekea Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule wa kijiji jirani cha Arnsdorf, akamwomba atunge sauti mbili za kuimba na gitaa la kusindikiza. Usiku huo Mohr akaimba huku akipiga gitaa, Gruber akaimba sauti ya pili, kwaya ikaitikia. Utaambiwa kwamba panya walikuwa wametafuna kinanda. Ni hadithi tamu ya kuwasimulia watoto, lakini Gruber mwenyewe alipoandika maelezo yake mwaka 1854 hakutaja panya wala kinanda kibovu.

Kilichonigusa zaidi ni hali ya watu waliousikia. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha juzi tu. Mwaka 1816 mpaka mpya ulipitishwa mtoni, mji uliokuwa mmoja ukagawanyika nchi mbili, na mwaka huohuo baridi iliharibu mavuno sehemu nyingi za Ulaya. Wengi wa watu wa Oberndorf waliishi kwa kusafirisha chumvi kwa mashua. Hao ndio waliopigiwa gitaa usiku ule.

Jioni tulirudi Munich, kwa dada yangu anayeishi huko, naye akatuwekea nyimbo za Krismasi zilizopigwa kijazi na gitaa moja tupu, bila mwimbaji, bila ngoma. Kama hujawahi kusikia upigaji wa namna hiyo, jaribu kufikiria mtu mmoja anayefanya kazi ya watu watatu. Dole gumba linapiga besi kwenye nyuzi nene. Vidole vingine vinabana kodi (ya gitaa, si ya TRA). Na juu kabisa, kwenye uzi mwembamba, ndiko unakotembea wimbo wenyewe. Wazee wetu hawatashangaa: waliwahi kumsikia Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa mwaka 1952, akilifanya gitaa kavu moja lisikike kama mawili.

Jazi inaongeza jambo moja. Usiku Mtakatifu unaweza kupigwa kwa kodi tatu tu, na ndiyo maana wanafunzi wa gitaa huupata mapema. Mpiga jazi hauguzi wimbo. Anabadilisha kilicho chini yake. Mahali ulipozoea kodi ile ile kwa muda mrefu, yeye anapitisha nyingine mbili za katikati zenye kivuli kidogo cha huzuni, kisha anakurudisha nyumbani. Sikio linaujua wimbo, kwa hiyo halipotei, ila linasikia kwamba njia ni tofauti. Hii inawezekana tu kwa wimbo ambao kila mtu mezani anaujua. Ndiyo sababu naona nyimbo za Krismasi ndizo mlango rahisi wa kumwingiza mtoto kwenye jazi.

Wapo wanaozidisha, lazima niseme. Wanatia noti nyingi hadi wimbo unazama, wanaonyesha vidole. Hao mtoto wangu wa kwanza anawaita "wanaokimbizwa". Mimi nawapenda wanaoacha nafasi, ukasikia hata kidole kikiteleza kwenye uzi.

Mama yangu alikuwa nasi safari hii. Baba, aliyefundisha kwaya ya kanisa letu kwa zaidi ya miaka 30, alifariki Agosti. Tangu hapo mama alikuwa hawezi kukaa panapoimbwa kwaya; akisikia sauti ya tatu inaingia, ile aliyokuwa akiiimba baba, anainuka anakwenda jikoni. Jioni ile hakuinuka. Hakukuwa na maneno, hakukuwa na sauti ya mtu. Dada aliponyanyua simu ili abadilishe wimbo, mama akasema, "Uache kwanza, mwanangu." Watoto wakamtazama, kisha wakaendelea kumenya machungwa.

Kwa mzazi atakayetaka kujaribu: Tuck Andress wa Marekani alitoa mwaka 1991 albamu nzima ya Krismasi akiwa na gitaa lake tu, inaitwa "Hymns, Carols and Songs About Snow". Ukitaka kujua gitaa moja linaweza kufika wapi hata nje ya Krismasi, tafuta "Virtuoso" ya Joe Pass, ya mwaka 1973. Weka sauti ya chini kuliko ulivyozoea na uzime televisheni. Spika ya simu humeza besi, kwa hiyo azima spika ndogo kwa jirani ikibidi. Usiwaambie watoto wasikilize. Chagua wimbo wanaoujua, waache wautambue wenyewe. Wa kwangu waligombea nani ataje jina kwanza.

Na ukibahatika kufika kule, usiishie Oberndorf. Nenda pia Hallein, kusini mwa Salzburg, alikoishi Gruber hadi kifo chake mwaka 1863. Nyumba yake sasa ni makumbusho, kaburi lake liko mbele ya mlango, na ndani, nyuma ya kioo, lipo gitaa la Mohr. Ni dogo kuliko magitaa tunayoyaona madukani leo. Binti yangu alilipima kwa macho akasema lingemtosha.