Tarakimu Tisa

Hapa Koboko, mpakani, namba za simu huanza na 256 ya Uganda, 243 ya Kongo au 211 ya Sudan Kusini. Mgonjwa huvuka mpaka kutoka Ingbokolo au Kaya alfajiri, huchukua dawa zake, jioni yuko kwao. Baada ya tarakimu hizo tatu za nchi, namba za simu za mkononi za nchi zote zina tarakimu tisa. Moduli ya usajili tuliyoikuta klinikini ilishika zile tisa za mwisho, ikabandika 256 mbele. Mama wa Ingbokolo alipokosa siku yake ya dawa, sista alimpigia. Akapokea mwanamume asiyemjua, upande wetu. Kwa wagonjwa wa klinikini kwetu, siri ndiyo nusu ya tiba.

Nilikuwa kijana wa Arua, nina haraka. Nilinakili methodi nzima ya kusajili, nikabadilisha mistari minne, nikaitumia hiyo. Miezi kadhaa ikaenda vizuri. Kisha likaja toleo jipya la moduli: waundaji wake walikuwa wameongeza hatua ya kumtafuta mgonjwa aliyekwisha kusajiliwa, na nakala yangu haikuwa nayo. Mama yuleyule akapata mafaili mawili, vipimo humu, dawa mle.

"Mwanangu," sista akaniuliza, "huyu mama ni mmoja au ni wawili?"

Usiku ule sikulala. Mfumo wetu ulijengwa juu ya OpenMRS, mradi wa mwaka 2004 ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, na waliouunda walijua kila hospitali itakuwa na lake. Ndani ya moduli yako unaitaja huduma unayotaka kuisindikiza. Unaweza kuingia kabla methodi haijaanza, ikishamaliza, au ukaizunguka pande zote mbili. Nilichagua kuizunguka: kipande changu kinaisoma namba kama ilivyoandikwa, kinaiambia methodi ya asili iendelee, kisha kinairudisha namba sahihi mahali pake. Mstari ule wa kuiambia iendelee ndio roho ya kazi. Ukiusahau, mgonjwa hasajiliwi kabisa. Na namba nairudisha kwa njia nyingine, kwani nikiita usajili tena humo ndani, kipande kinajiita chenyewe bila kikomo.

Nakala yangu nikaifuta. Matoleo mawili yakaja baadaye, sikugusa kitu.

Wiki ileile niliyoifuta nakala, sista alipiga namba ya 243 mbele yangu. Akapokea mama mwenyewe, kwa Kiswahili cha Kongo, akauliza kama Jumatatu kliniki itakuwa wazi.