Pazia la Bafu na Sitara ya Mpangaji

Katika nyumba nyingi za kupanga jijini Nairobi, bafu ndicho chumba cha mwisho kukumbukwa. Sebule hununuliwa zulia, vitambaa vya makochi na picha za ukutani. Jikoni hununuliwa sufuria na vikombe vinavyolingana. Bafu huachiwa ndoo, kikombe cha kutekea maji na msumari mmoja wa kutundikia taulo. Sababu itolewayo ni kwamba mgeni hapokelewi bafuni. Hata hivyo, mgeni huyo huyo hatimaye huuliza bafu liko wapi, na aghalabu hapo ndipo anapoijua nyumba alimoingia. Wahenga walilidokeza hilo waliposema kwamba nyumba njema si mlango.

Mintarafu ya chumba hiki, Kiswahili kina neno ambalo wengi hulitumia bila kulitafakari, nalo ni sitara. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni pazia, kile kitambaa chenyewe kinachotundikwa. Lilipoingia katika Kiswahili lilipanuka. Sitara ikawa hifadhi ya mwili, ikawa staha, ikawa hali ya mja kutoaibishwa mbele ya wenzake. Ndipo likapatikana neno kujisitiri, na ndipo wazee wakawa wanawaombea watoto wao dua kwamba Mungu awasitiri. Kwa hivyo, anayetundika pazia bafuni anatenda jambo ambalo lugha ililiwekea jina kubwa kuliko kitambaa. Swali ni je, pazia hilo ni pambo tu, au ni haja ya utu?

Jibu lilimfikia mwalimu mmoja kijana kwa njia ambayo hakuitarajia. Alikuwa amehitimu chuo kikuu, akapata kazi katika shule ya upili na kukodi chumba kimoja chenye choo na bafu ndani. Mlango wa bafu ulikuwa wa mbao nyembamba. Maji yalikuwa yameila mbao hiyo upande wa chini, na kitasa hakikushika. Mwenye nyumba aliahidi kuutengeneza kabla ya mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulifika, ukapita, ukaja mwingine. Mwalimu hakuona uzito wa jambo hilo kwa kuwa aliishi peke yake, na mlango wa nje ulikuwa na komeo.

Mambo yalibadilika mama yake alipokuja kutoka Lamu kutibiwa macho. Siku ya kwanza mama hakuoga. Siku ya pili alingoja hadi binti alipokwenda kazini, akajifungia, akaoga mbiombio kama mtu anayeiba maji ya wenyewe. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi na binti alikuwapo nyumbani. Mama alikaa kitandani kutwa na leso yake mabegani. Binti alipomwuliza kama anaumwa, alijibu kwa sauti ya chini, "Siumwi. Nyumba hini haina sitara, mwanangu."

Kauli hiyo haikuhusu kitasa peke yake. Mama huyo alilelewa katika nyumba ya mawe ya Mji wa Kale wa Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nyumba za aina hiyo zimejengwa kwa kufuata mantiki ya sitara. Mgeni hukomea dakani, penye baraza. Njia ya kuingilia hupindwa ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani, na kadiri mtu anavyoendelea ndivyo anavyoingia katika faragha ya wenyewe, hadi afike chumba kiitwacho ndani. Bafu halikusahauliwa katika ramani hiyo. Katika baadhi ya nyumba hizo, penye choo na mahali pa kuogea pana birika la kuhifadhi maji, na ndani ya birika huwekwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Bakuli la kauri hujengewa chini ya birika ili maji yakipungua samaki wabakie na pa kukaa. Waliojenga hivyo hawakuliona bafu kuwa pembe ya aibu.

Aidha, sitara haikuwa ya wenye nyumba za mawe pekee. Katika vijiji vya Pwani, ua wa makuti nyuma ya nyumba ulitosha kumfanya mtu aoge kwa utulivu. Makuti hayana thamani kubwa sokoni, lakini aliyeyapanga alikuwa amefikiria ni nani atakayesimama nyuma yake. Hapo ndipo chumba cha kupanga mjini hushindwa. Kina bomba na vigae, lakini aliyekijenga hakumfikiria mwogaji.

Mpangaji ana mipaka yake. Hawezi kuvunja ukuta wala kung'oa vigae, na akitoboa mashimo huhofia kukatwa amana yake siku ya kuhama. Anachoweza kubadilisha ni kile kinachotundikika na kuondoleka. Maadamu mlango haukuwa wake kuung'oa, mwalimu aliamua kuweka pazia ndani ya bafu, litenge mahali pa kuogea na penye choo, ili hata mlango ukisukumwa na upepo anayeoga awe nyuma ya kitu. Alinunua fimbo inayorefuka na kujikaza kwa springi baina ya kuta mbili, isiyohitaji msumari wala tundu.

Baada ya fimbo, alitafuta kitambaa. Katika maduka ya Eastleigh na vibanda vya mitumba vya Gikomba hapakosekani mapazia ya kila namna. Yale ya plastiki huzuia maji vizuri, ila mengine yakiwa mapya hutoa harufu kali inayokijaza chumba kidogo. Yale ya poliesta hukauka upesi. Ya pamba hupendeza machoni, lakini hunywa maji na yasipokauka hushika ukungu. Pazia la kawaida la dukani huwa na takriban sentimita 180 kwa 180, na matundu 12 upande wa juu. Mengi aliyoyaona yalikuwa ya rangi zilizopauka, kana kwamba bafu linaomba radhi kwa kuwapo. Alirudi mikono mitupu.

Mama ndiye aliyefungua sanduku lake akatoa doti ya leso. Ilikuwa nyekundu na nyeusi juu ya weupe, yenye korosho kubwa katika mji wake na pindo pana pande zote. Jina lake lilikuwa methali ile ile, "Nyumba njema si mlango." Mama na binti waliisoma, wakatazamana, wakautazama mlango ulioliwa na maji, wakacheka kwa mara ya kwanza tangu mgeni afike.

Leso moja huwa na upana wa takriban sentimita 150 na kimo cha sentimita 110. Ikitundikwa peke yake huishia kiunoni. Doti nzima ikishonwa moja juu ya nyingine hupata kimo cha takriban sentimita 220, kinachotosha kutoka karibu na dari hadi karibu na sakafu, na jina husomeka mara mbili, katikati na chini. Mahali pa kuogea palikuwa na upana wa sentimita 90 hivi, kwa hivyo palibakia kitambaa cha kufanyia mikunjo, kwani pazia lililonyooshwa kama ngozi ya ngoma halipendezi. Kabla ya kushonwa, leso zililowekwa katika maji ya chumvi, kama wafanyavyo akina mama, ili rangi zisichujuke ovyo. Kisha nyuma yake likawekwa pazia jepesi la plastiki lisilo na nakshi, ambalo kazi yake ni kupokea maji. La ndani hulowa, la nje hupendeza.

Kulabu nazo zilitaka akili. Zile zilizopakwa rangi ya dhahabu huvutia dukani, lakini vyote ving'aavyo si dhahabu. Mvuke ukizizoea, rangi hubambuka, kutu hutoka na kuacha madoa ya hudhurungi kwenye kitambaa. Mwalimu alichagua kulabu 12 za chuma kisichoshika kutu, zenye vishanga vidogo juu vinavyoteleza kwenye fimbo, na ncha mbili kila moja. Ncha ya mbele ilishika leso na ya nyuma ikashika plastiki. Fundi wa viatu alitia vijicho vya chuma kwenye pindo la juu ili kulabu zisilirarue. Baada ya hapo hakuongeza pambo jingine. Alinunua taulo jeupe na mkeka mdogo mwekundu, akaacha kuta kama zilivyokuwa. Katika chumba kidogo, kitu kimoja kikisema kwa sauti kubwa, vingine havina budi kunyamaza visikilize.

Tatizo moja lilibakia, nalo si la Nairobi pekee. Maji yanapotiririka kwa nguvu, pazia jepesi huvutwa ndani na kumkumbatia anayeoga. Jambo hili lilimshughulisha David Schmidt wa Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani. Alitumia kompyuta kuiga mwendo wa matone, akaona kwamba manyunyu huzusha kimbunga kidogo cha hewa ambacho katikati yake kanieneo hupungua, na pazia hufuata upungufu huo. Mwaka 2001 alipewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Tiba yake nyumbani ni rahisi. Upindo wa chini wa plastiki hutiwa uzito kidogo, kama vile mnyororo mwembamba usioshika kutu. Vilevile, baada ya kuoga mapazia yote mawili huvutwa yakanyooka ili yakauke, na la plastiki husuguliwa kwa siki mara kwa mara kuondoa ukungu.

Si kila mtu aliyefurahishwa na kazi hiyo. Jirani mmoja aliona ni israfu kupamba mahali ambapo maji yenyewe huja kwa mgao. Mwingine alitoa hoja nzito zaidi. Leso, alisema, ni vazi la heshima. Mtoto akizaliwa hupokelewa kwa leso, bibi arusi huzawadiwa leso, mwanamke akisali huweza kujifunika kwa leso. Vipi basi itundikwe karibu na choo, tena ikiwa na maandishi?

Hoja hiyo haipuuziki. Zipo leso ambazo majina yake yanamtaja Mwenyezi Mungu, na hizo mama alikiri kwamba hazifai kuingizwa bafuni. Lakini kuhusu zilizobakia alikuwa na jibu ambalo halikuhitaji kitabu. Mwanamke wa Pwani akienda kuoga hujifunga nini? Akitoka kuoga hujitanda nini? Leso haikuanza leo kuingia bafuni, bali ndiyo iliyokuwa pazia la mwogaji hata kabla ya kubuniwa hizo za plastiki. Tofauti ni kwamba sasa imetundikwa badala ya kufungwa kifuani. Jirani alinyamaza. Huenda hakukubali, lakini hakurudia.

Wanafunzi wa lugha watatambua kwamba Kiswahili chenyewe hutundika mapazia ya namna hii. Mtu hasemi wazi aendako, bali husema anakwenda msalani, au anakwenda haja. Neno msala hutumika pia kwa mkeka wa kuswalia, na wazungumzaji hawachanganyikiwi. Hiyo ndiyo kazi ya tafsida. Haimdanganyi msikilizaji, kwa maana kila mtu anajua kilichoko nyuma ya neno. Humwachia tu msemaji heshima yake. Pazia la bafu nalo halimfichi mtu asijulikane kwamba anaoga. Linatangaza kwamba anaoga, na kwamba wengine wamekubali kutotazama.

Kwa sababu hiyo pazia si ukuta, na halifai kutukuzwa kupita kiasi. Katika filamu ya Alfred Hitchcock iitwayo Psycho, iliyotoka mwaka 1960, mwanamke anavamiwa akiwa anaoga, na anapoanguka hulishika pazia likachomoka kulabu kwa kulabu. Watazamaji walitishika kwa kuwa pazia huzuia jicho, halizuii mkono. Kwa hivyo pazia la mwalimu halikumwondolea mwenye nyumba wajibu wake. Mlango mbovu ulibakia deni lake, na mwalimu aliendelea kumdai kila alipolipa kodi. Mpangaji anayejisitiri kwa leso yake hajasamehe mlango.

Kuna methali nyingine isemayo kwamba mficha uchi hazai, yaani anayeficha shida yake hapati msaada. Mama angeweza kuendelea kuoga kwa kuvizia hadi matibabu yake yamalizike, na binti asingejua kamwe ni kitu gani kilichomfanya mzazi wake ajione mgeni chini ya paa la mwanawe. Aliposema nyumba haina sitara, aliifunua shida ili isitiriwe. Tangu Jumapili hiyo alioga alasiri, mchana kweupe, binti akisahihisha madaftari hatua chache kutoka hapo, na wakati mwingine waliendelea kuzungumza maji yakimwagika.

Bei ya kitambaa na wingi wa kulabu si kipimo cha kutosha cha bafu lililopendezeshwa. Kipimo ni kama mtu mzima, mgeni au mgonjwa, anaweza kulitumia bila kuomba radhi kwa kuwa na mwili. Siku ya kuhama mpangaji huacha kuta, vigae na mlango, uwe mzima au mbovu. Fimbo, kulabu 12 na doti ya leso hukunjwa zikaingia mkobani, zikaenda kutundikwa katika chumba kingine ambacho mwenyewe hakumfikiria mwogaji.