Jumba Lililozaliwa na Njaa

Jumba tunalotaka kuwaeleza habari zake liko Jodhpur, mji wa Uhindi upande wa magharibi, pembeni ya jangwa la Thar. Jina lake Umaid Bhawan. Ni nyumba ya mfalme, na tena ni hoteli, na tena ni nyumba ya makumbusho, yote matatu chini ya paa moja. Vyumba vyake ni 347. Msomaji anayekaa katika lupangu yenye vyumba viwili ahesabu mwenyewe: akilala kila siku katika chumba kipya, karibu mwaka mzima utapita kabla hajarudi kwenye kitanda cha kwanza.

Sisi tulikaa humo siku tatu. Kwa habari ya bei, tuseme tu kwamba usiku mmoja unapita mshahara wa mwalimu wetu wa miezi mingi. Hatukulipa sisi. Mfanyabiashara mmoja Mhindi wa Lubumbashi, ambaye tunafahamiana naye tangu zamani, alikuwa anaoza binti yake, na kwa desturi ya watu wake mwenye arusi ndiye anayewatunza wageni. Alituita mume na mke pamoja. Tukaenda kwa ndege kupitia Addis Abeba mpaka Delhi, kisha tukapanda gari la moshi la usiku. Habari za arusi yenyewe hatutaziandika sana: ngoma, maua, vyakula, machozi ya mama wa binti. Arusi ni arusi. Kilichotushika moyo ni ile nyumba.

Tuanze na njaa, maana bila njaa nyumba hii haingekuwapo.

Nchi ile huitwa Marwar. Mvua yake ni kidogo, na miaka mingine haifiki kabisa. Wazee wa huko hata leo wanasimulia njaa ya miaka ya 1899 na 1900, iliyomaliza watu na ng'ombe bila hesabu. Wanasimulia tena kisa cha mtawa mmoja wa Kihindu aliyekaa peke yake juu ya mwamba mkubwa. Mwaka 1459 mfalme Rao Jodha alimwondosha hapo apate kujenga ngome yake, na yule mtawa akailaani nchi ikose maji. Ngome ingali imesimama, na sisi tuliitazama kila asubuhi kutoka dirishani, na chini yake nyumba za mji zilizopakwa rangi ya buluu. Laana hiyo sisi hatuisadiki. Jangwa ni jangwa. Lakini watu wasiopata maji watatafuta neno la kueleza mateso yao, na hiyo haitushangazi.

Basi, katika miaka ya 1920 mvua ilikosa miaka mitatu mfululizo. Wakulima wakamwendea mfalme wao, Umaid Singh. Angalieni vema walichomwomba. Hawakusema, «Bwana, tupe unga.» Walisema, «Tupe kazi.» Naye akaamua kujenga nyumba. Siku ya 18 mwezi wa 11 mwaka 1929 jiwe la kwanza liliwekwa juu ya kilima cha Chittar. Aliyechora ramani alikuwa Mwingereza, Henry Vaughan Lanchester. Watu kati ya 2,000 na 3,000 walipata kazi hapo, na kazi ilikwisha mwaka 1943. Miaka 14! Mtu atasema, walikuwa wavivu? Hapana. Ilikwenda polepole kwa kusudi, kwa sababu nyumba ikiisha upesi, na mshahara unakwisha upesi.

Tuliweka mikono yetu juu ya kuta zile. Mawe yake yana rangi ya mchanga. Jua linapochomoza ni manjano, na jioni yanakuwa kama mkate uliotoka sasa hivi motoni. Hayakuungwa kwa simenti wala kwa chokaa. Kila jiwe lilichongwa likapewa ulimi upande mmoja na shimo upande mwingine, likashikana na jirani yake, kama vile seremala anavyounga miguu ya meza. Reli ndogo ilitandikwa kusudi kuleta mawe kutoka machimboni. Mmoja wetu, aliyekuwa fundi wa kujenga kabla ya kustaafu, alipitisha ukucha kwenye maungo ya ukuta wa baraza akitafuta mahali utakapoingia. Haukuingia. Akanyamaza muda mrefu, na huyu si mtu wa kunyamaza.

Sisi watu wa Katanga tunajua kazi kubwa ni nini. Babu zetu walijenga reli, walichimba shaba. Lakini wengi wao hawakuiomba kazi ile. Kazi ndiyo iliyowafuata kijijini, na wengine waliifikia na kamba shingoni. Ndiyo maana neno lile la wakulima wa Marwar lilitugusa. Mtu anayepewa unga bure anashukuru, anainamisha kichwa, na kesho anarudi na kapu lilelile. Mtu aliyechonga jiwe anaondoka na posho yake, na jiwe linabaki kumshuhudia.

Hata hivyo hatukupatana sisi wawili, na afadhali msomaji ajue. Mama alisema hivi: «Njaa ilitoka kwa ukosefu wa maji. Sasa, watu 3,000 kwa miaka 14 wangeweza kuchimba mabwawa mangapi? Kwa nini wachonge nyumba ya mtu mmoja?» Neno lake lina nguvu. Huyohuyo Umaid Singh ndiye aliyeanzisha ukuta mkubwa wa kuzuia maji ya mto Jawai, lakini ilikuwa mwaka 1946, nyumba imekwisha tayari. Ukuta ule ulimalizika mwaka 1957, miaka kumi baada ya kifo chake, nao unawapa watu maji mpaka leo. Baba akajibu kwamba kazi ya kuchonga inalisha watu wengi zaidi kuliko kazi ya kubeba udongo, kwa sababu mchongaji anabaki na ufundi wake hata nyumba ikiisha. Hilo nalo ni kweli. Lakini kama tungekuwa sisi tumeketi katika baraza la mfalme mwaka 1929, sauti mbili zetu zingekuwa moja katika hili: maji yatangulie, nyumba ifuate.

Mfalme mwenyewe hakuifaidi sana. Vyombo vya ndani aliviagiza London, na mwaka 1942, wakati wa vita, merikebu iliyovibeba ilizamishwa na Wajerumani. Basi akamtumia mkimbizi, Mpolandi aitwaye Stefan Norblin, aliyekuwa amekimbia nchi yake vita vilipoanza. Huyo akachora viti, akachora meza, akapaka picha kubwa kuta za chumba cha enzi, hadithi za Rama na Sita. Chini ya ardhi kuna birika la kuogelea lenye picha za nyota kumi na mbili. Tulishuka kulitazama, maji yake ni ya buluu na kimya kama kaburi, hatukuoga. Miaka ikapita, picha za Norblin zikaanza kubanduka ukutani, hata mafundi kutoka Polandi wakaja kuzitengeneza. Tulizisimamia kwa muda, tukawaza habari ya yule mtu ambaye nyumba yake imebaki mikononi mwa adui, naye yuko ugenini anapamba nyumba ya mwingine. Katika Kongo hatuhitaji kuelezwa mkimbizi ni nani.

Umaid Singh alikufa mwaka 1947. Alikaa katika nyumba yake miaka minne tu. Mwaka uleule Uhindi ikapata uhuru, na falme ndogondogo zikaingia katika serikali moja. Mwanawe Hanwant Singh alianguka na ndege mwaka 1952 akafa, akaacha mtoto wa miaka minne, Gaj Singh. Mwaka 1971 serikali ikabadili sheria, ikawaondolea wafalme wa zamani feza waliyokuwa wakipewa kila mwaka. Fikirini: kijana, nyumba ya vyumba 347, na mfuko mtupu. Kufagia peke yake ni gharama. Ndipo katika miaka ile ya 1970 akafungua sehemu ya nyumba iwe hoteli, na jamaa yake wakabaki katika sehemu nyingine. Tangu mwaka 2005 hoteli inaongozwa na kampuni ya Taj.

Mmoja wetu alipata kufika Gbadolite zamani. Huko nako Mobutu alijenga majumba porini, marumaru ilitoka Ulaya, na uwanja wa ndege ulikuwa mrefu wa kutosha Concorde kutua. Alipokimbia mwaka 1997 watu waliingia wakabeba kila kilichobebeka, zikabaki kuta na majani. Kwa nini nyumba moja imekuwa hoteli na nyingine imekuwa makao ya popo? Wengine watasema ni vita. Vita vilichangia, ndiyo. Lakini sisi tunaona na jambo jingine. Nyumba ya Jodhpur ilijengwa na watu walioiomba kazi yake, na watoto wao wangali wanafanya kazi ndani yake. Nani atapora mahali baba yake alipopata chakula?

Neno hili hatukulitoa kichwani mwetu. Mlangoni alisimama bawabu mzee mwenye kilemba chekundu na masharubu yaliyosokotwa mpaka mashavuni. Kaka wa rafiki yetu, aliyezaliwa Kolwezi na anayesema Kiswahili cha kwetu bila shida, alitutafsiria. Mama akamwuliza yule bawabu, «Mzee, wewe umekwisha lala ndani humu hata siku moja?» Akacheka sana. Akasema, «Mama, babu yangu alichonga mawe ya ngazi ile. Hakulala ndani. Baba yangu alikuwa mtunza bustani. Hakulala ndani. Mimi nafungua mlango. Ni mwaka wa 31 huu.» Akaonyesha ngazi kwa kidole, jiwe la tatu kutoka chini, kana kwamba ni shamba la ukoo. Mama akataka kujua kama hasikii uchungu. Mzee akafikiri kidogo. «Uchungu ningesikia kama mlango ungefungwa,» alisema. Kisha gari la wageni likafika, akaweka mikono pamoja kifuani, akawasalimu.

Jibu hilo tulilizungumza usiku hadi saa tano, tukijifunika mablanketi, maana mwezi wa kwanza jangwa linakuwa baridi kuliko mtu anavyodhani. Baba aliliona ni jibu la hekima. Mama aliliona ni jibu la mtu ambaye hajapewa mlango mwingine. Tausi walikuwa wakilia bustanini, sauti mbaya sana kwa ndege mzuri vile.

Na sasa habari ya chakula, kwa maana hapo ndipo tulipojifunza kuliko mahali pote. Jioni ya pili walituletea mboga iitwayo ker sangri. Sangri ni maganda ya mti wa khejri, membamba kama vijiti vya ufagio, hukaushwa juani. Ker ni matunda madogo ya kichaka cha miiba, machungu kabla ya kulowekwa. Vyote viwili vinaota palipo na mvua kidogo tu, na mkate wake ni wa uwele. Kaka wa rafiki yetu akasema, «Mnachokula ni chakula cha njaa.» Mazao yalipokauka yote, khejri ulibaki na majani yake. Katika njaa ya miaka ya 1868 na 1869 watu walikula hata gamba la mti ule. Na hapo Jodhpur, katika kijiji cha Khejarli, mwaka 1730, watu 363 wa jamaa ya Bishnoi waliuawa kwa kukataa miti hiyo isikatwe kwa ajili ya jumba la mfalme wa wakati ule. Mwanamke Amrita Devi ndiye aliyetangulia kuukumbatia mti.

Tukaitazama sahani. Chakula kile kilikuwa katika bakuli la kung'aa, mhudumu amevaa glavu nyeupe, na meza ya pili Wazungu walikuwa wakikipiga picha. Kwetu ilitokea hivyohivyo kwa sombe: zamani mtu alificha sufuria mgeni akifika, leo hoteli kubwa za Lubumbashi zinaiandika juu ya karatasi ya vyakula. Mboga yenyewe ilikuwa na ukali, na uchachu, na mafuta mengi. Tulikula mpaka chini.

Siku ya kuondoka tulishuka sokoni, kwenye mnara wa saa, tukatafuta sangri. Muuzaji akatutajia bei, Mama akaomba arudie, akadhani amesikia vibaya. Kilo moja ilikuwa ghali kuliko kilo ya kuku. Tukanunua nusu. Nyumbani Lubumbashi tuliiloweka usiku kucha, tukaipika kwa vitunguu na pilipili, tukaila na bukari. Bibi yetu, ambaye meno yake yamebaki manne, alikula sahani mbili, akauliza kama mti ule unaweza kuota katika udongo wa Katanga. Tumemtuma yule kaka wa Kolwezi atuletee mbegu akirudi.