Pishi ya Mchele na Ganda la Mgomba

 

Mwezi wa Rajabu mwaka 1445, sawa na Januari 2024, tulialikwa Nyeri kufungisha ndoa ya kijana tuliyemsomesha chuoni kwetu tangu alif na be. Baridi ya huko haina huruma na mtu wa pwani. Tulitetemeka ndani ya kanzu mbili, na wenyeji wakatucheka kwa adabu. Tuliposhika njia ya kurudi, nyanya yake bi harusi, mkaazi wa Majengo, alitupa zawadi ya njahi, yale maharage meusi ambayo watu wa mlimani hawaoni karamu bila ya kuyapika. Zilikuwa kama kibaba viwili hivi, zimefungwa ndani ya majani makavu ya mgomba na kukazwa kwa utepe uliochanwa katika ganda la shina lake. Kifurushi kile kilipanda matatu mbili na basi moja, kikakaliwa na abiria mmoja kutoka Sagana mpaka Thika, na kilipofika nyumbani Mama wa nyumba akakifungua. Hapakuwa na punje iliyomwagika.

Sisi tulimkumbuka mama yetu, Mungu amrehemu. Yeye akitaka kupeleka maembe kwa dada yake, hakuuliza kama kuna mfuko. Alikata kuti bichi, akakaa barazani, na kabla uji haujapoa pakacha limekwisha sukwa. Likifika huko lilitupwa chini ya mnazi, na mnazi ukalila. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, na kweli pakacha huvuja. Lakini hatujapata kusikia kwamba limeziba mtaro au limemsonga kasa baharini.

Hapo ndipo tulipoingiwa na fikra. Kila mwisho wa Ramadhani msikiti wetu hugawa zakatulfitri, pishi ya mchele kwa kila jina lililoandikwa. Ile mifuko myembamba ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Mahali pake ikaja mifuko laini inayofanana na kitambaa. Watu wengi hudhani ni nguo. Si nguo, nayo ni plastiki iliyoshindiliwa, na siku ya Idi jioni huonekana ikipeperuka ufukweni. Je, mchele wa Mwea, unaolimwa chini ya Mlima Kenya, usingeweza kuwafikia maskini wetu ndani ya ganda la mgomba wa mlima huo huo?

Wengine watauliza sheikh ana nini na maganda. Jawabu tulilipata katika kisa wanachokijua wanafunzi wa fiqhi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye kondoo aliyekufa, ambaye alikuwa ametolewa sadaka kwa mjakazi aliyeachwa huru na Bibi Maimuna, akauliza kwa nini hawakuinufaikia ngozi yake. Wakasema ni mzoga. Akawabainishia kwamba kilichoharimishwa ni kumla. Maulamaa wametoa katika kisa hicho hukumu za ngozi na dabgh. Sisi tunaona ndani yake pia jicho linalotazama kilichotupwa na kuuliza kimebakiwa na nini.

Basi tukaagiza vikapu 300 kwa nyanya yule na wenzake, kila kimoja kichukue pishi moja. Bei yake ilikuwa mara nne ya mfuko wa dukani. Tuliwalipa yote papo hapo, kutoka kwenye sanduku la sadaka za msikiti, kwa mkataba wa salam: thamani hutangulia, bidhaa hufuata kwa sifa na muda uliotajwa. Tuliandika idadi, tukaandika kimo na upana, tukaandika siku ya kuletwa. Kamati ikatia sahihi kwa sababu ilituamini.

Magunia yalifika tarehe 25 Ramadhani. Tulipofungua la kwanza ilitutoka harufu ya kisima kilichofunikwa. Vikapu vilikuwa vimeota kuvu la kijani, na tulipokwisha kuvihesabu, vilivyosalimika havikutimia mia na ishirini.

Mzee mmoja wa kamati alisema fedha zirudishwe, na kisheria hakukosea, kwani mnunuzi ana haki ya kukataa kilicho na aibu. Tukampigia simu nyanya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Sheikh, mvua ilianza, na nyinyi mlitaka siku yenu. Tulivianika chini ya upenu. Tuliona ni vibaya zaidi kuvunja ahadi.” Akaahidi kwamba watachanga na kuzirudisha. Baadaye yule mwanafunzi wetu akatudokeza kwamba fedha zile zilikuwa zimekwisha kuingia katika karo za wajukuu.

Usiku ule hatukulala vizuri. Mama wa nyumba alitukuta uani na akatwambia neno ambalo hatujalisahau: “Mume wangu, umefundisha mlango wa salam miaka ishirini, na hujui ganda la mgomba hukauka kwa siku ngapi.” Alisema kweli. Katika sifa zote tulizoandika hatukutaja ukavu, nao ndio sifa ya kwanza ya chombo cha kutilia nafaka. Bidhaa ilikuja kama tulivyoieleza. Upungufu ulikuwa katika maelezo yetu. Baada ya tarawehe tulisimama mbele ya jamaa tukasema hivyo hivyo, na kwamba hasara ya sanduku tutaibeba sisi kidogo kidogo. Tuliimaliza kuilipa mwezi wa Mfunguo Tano. Mchele uliobaki uligawiwa kwa mifuko ile ile tuliyoikimbia.

Vikapu vilivyooza tulivitandaza chini ya minazi. Kabla ya Muharramu havikuonekana tena.

Januari 2025 tulirudi Nyeri, safari hii kama mwanafunzi. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha shina lake hukatwa na machipukizi yakachukua nafasi. Shina hilo si mti. Ni maganda yaliyokumbatiana, na sehemu kubwa yake ni maji. Ya nje, yaliyokauka yenyewe, hubanduliwa, huchanwa na kusukwa. Ya ndani hukwanguliwa kwa kisu au kwa mashine mpaka nyama yote itoke na zibaki nyuzi. Kina mama wajihadhari na utomvu wake, maana doa la mgomba halisikii sabuni. Nyuzi zake ni imara: katika nchi ya Ufilipino kuna ndugu yake mgomba, aitwaye abaka, ambaye nyuzi zake hutengenezewa vile vifuko vidogo vya majani ya chai. Na huko Uganda, kampuni ya TexFad ya Mukono hufuma mazulia kwa nyuzi za mashina ya migomba.

Tulipoliita shina “taka”, nyanya alitukatiza. “Hiyo si taka. Wakati wa kiangazi ng’ombe wangu anakula hiyo.” Na shambani kwao nusu ya mashina hukatwakatwa na kuachwa chini yahifadhi unyevu wa ardhi. Tunalitaja hili kwa sababu siku hizi tunasikia watu wakinena juu ya “mabaki ya mashamba” kana kwamba mkulima amelala usingizi juu ya dhahabu. Mwenye shamba ameshayagawa mabaki hayo, na atakayeyataka ayanunue.

Nyeri si wageni wa kazi hii. Kiondo cha Wakikuyu kilisukwa zamani kwa nyuzi za vichaka vya porini, kisha kwa katani, na wanawake walisokota uzi huku wakitembea na mzigo mgongoni. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe katika wilaya hiyo mwaka 1940 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliipinga mifuko myembamba ya plastiki miaka mingi kabla ya sheria. Alipofariki mwaka 2011 alikuwa ameacha usia kwamba mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake, akawekwa katika jeneza la mwanzi, mafunjo na magugu maji. Dini yetu na yake mbalimbali, na sisi maiti wetu twamzika kwa sanda. Lakini tulisimama muda mrefu tukiuwaza usia huo.

Jikoni kwa nyanya tukaona dawa ya kosa letu. Juu ya meko kuna dari ya fito, na maganda yaliyokwisha kuanikwa juani hupandishwa huko yakae katika moshi mpaka yalie mkononi kama karatasi. Tukakaa juu ya kigoda tukaandika mkataba mpya wa vikapu 100 tu, kwa fedha zetu wenyewe, na safari hii neno la kwanza lilikuwa “vikavu”. Nyanya akataka liandikwe na lingine: mvua ikinyesha, siku isogezwe. Tukaliandika.

Vilifika wiki ya pili ya Ramadhani. Havikuwa na kuvu, ila vilinuka moshi wa kuni kiasi cha kumpigisha mtu chafya. Mama wa nyumba hakusema kitu. Alileta chetezo, akatia udi, akavipanga vikapu juu ya tenga kama afukizavyo nguo za Idi, na jioni tukaanza kupima mchele.