Sanje: Safari Tuliyoipanga Mara ya Pili

Mara ya kwanza mimi na mchumba wangu tulipokwenda kuona maporomoko ya Sanje, tuliishia getini.

Tulitoka Dar saa mbili asubuhi, jua limeshawaka, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye ameweka alamu. Foleni ya Kibaha ikatumeza. Morogoro tukasimama kula. Tulipofika Mang'ula, kwenye geti la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ilikuwa saa tisa alasiri. Mimi nilivaa sendozi za kutokea, mwenzangu raba nyeupe zilizonunuliwa jana yake, na kati yetu wawili tulikuwa na chupa moja ya maji. Askari wa hifadhi akatutazama kuanzia usoni hadi miguuni.

"Dada yangu," akasema kwa upole, "msituni giza linaingia mapema. Njooni kesho asubuhi."

Kesho hatukuwa nayo. Hatukubeba hata mswaki, na Jumatatu nilikuwa na kikao cha kazi. Tukageuza gari. Mpenzi msomaji, kilomita kama 350 za kurudi Dar ni ndefu kweli kwa watu wawili walionuniana!

Kilichoniuma si maporomoko. Vikao vya harusi vilikuwa vimeshaanza na kadi za michango ziko mitaani. Nikawa najiuliza: kama Jumamosi moja imetushinda, maisha tutayaweza? Wiki nzima hatukupigiana simu. Mwishowe nikaenda kumlilia mama mdogo, mwenye ndoa ya zaidi ya miaka 30. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Mlikaa mkapanga, au mlikubaliana tu?"

Tulikubaliana tu. Na nilipofikiria vizuri, hata harusi yenyewe tulikuwa tumekubaliana tu.

Karatasi moja, kalamu mbili

Tulikutana Jumapili moja, tukanywa chai kimyakimya, halafu nikatoa karatasi. Tukaandika mambo matano: lini, usafiri, mwili, mzigo na pesa. Mbele ya kila jambo tukaweka jina la mtu. Hakuna cha "tutaona".

"Lini" lilikuwa rahisi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji huwa mengi na yanapendeza, lakini njia inateleza vibaya. Tukachagua Julai, kwenye kiangazi. Usafiri alichukua yeye. Mimi nikachukua mzigo.

Tulipofika kwenye pesa, kalamu yangu ikagoma. Yeye alishaandika mchango wake: mafuta ya gari, hoteli nzuri, ada za hifadhini. Akanisubiri. Hapo ndipo nilipomwambia kitu nilichokuwa nimekificha miezi minne: nilikuwa nimechukua mkopo kazini kwa ajili ya ukumbi na sare za harusi, na makato yalikuwa yananiacha na mshahara wa kubahatisha.

Hakunikumbatia kama kwenye sinema. Alikasirika, na haki yake. Siku tatu alinijibu kwa neno moja moja. Siku ya nne akaja na karatasi ileile. Amefuta gari, ameandika treni na basi. Amefuta hoteli, ameandika gesti. Chini kabisa ameandika: "Mkopo: tuuzungumze."

Zoezi la Morogoro

Kwenye "mwili" tuliandikana wote wawili. Nilianza kupanda ngazi za ofisini badala ya lifti. Jumamosi alfajiri tukawa tunatembea Daraja la Tanzanite, kwenda na kurudi, na mabegi mgongoni. Nilikuwa namtania kwa sababu mara zote alibaki nyuma.

Wiki tatu kabla ya safari tukafanya zoezi kubwa. Tulipanda treni ya SGR ya asubuhi hadi Morogoro, kisha tukaanza kuukwea Uluguru kuelekea Morningside, pale penye jumba la zamani la Wajerumani. Njiani akasimama, mikono magotini. Nikaanza utani wangu: "Mzee, vipi tena?" Hakucheka. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa inhela, akavuta.

Miaka miwili ya uchumba, sikujua kama mwenzangu ana pumu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

Akasubiri pumzi irudi. "Na wewe mkopo kwa nini hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Tukakaa kwenye jiwe hadi akawa sawa, tukashuka taratibu. Jumatatu alikwenda kwa daktari, na safari hii nilikwenda naye. Daktari hakumkatazia mlima. Alimwambia atumie dawa zake kama alivyoandikiwa, asikimbizane na mtu, na inhela ikae pale mkono unapofika haraka.

Siku yenyewe

Ijumaa tuliomba ruhusa kazini. Treni hadi Morogoro, bodaboda hadi stendi ya Msamvu, basi la Ifakara hadi Mang'ula. Jioni tulikula wali maharage, tukalala ndani ya chandarua saa tatu kamili kama watoto wa bweni.

Udzungwa si mbuga ya kuzunguka na gari. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na ukitaka kuiona unatembea. Milima yake ni sehemu ya Tao la Mashariki, na misitu yake ina viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Mmoja ni kima aitwaye mangabei wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu.

Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa tumeshalipa. Kabla ya hatua ya kwanza, mchumba wangu akamwambia mwongozaji mwenyewe, bila mimi kumkonyeza: "Kaka, mimi nina pumu."

Mwongozaji hakushtuka. "Basi wewe utakaa mbele, nyuma yangu. Mwenye pumzi fupi ndiye anayeweka mwendo. Dada atafuata."

Njia inapanda bila salamu. Mizizi imekuwa ngazi, jasho linaingia machoni, na juu ya miti mbega wekundu wanaruka kama wanakucheka. Kila akisimama, nasimama. Kwa mara ya kwanza sikuwa natazama mgongo wa mtu niliyemwacha nyuma, nilikuwa natazama mgongo wa mtu ninayemfuata. Kumbe nilikuwa nimechoka na mimi! Siku zote nilikimbia mbele nisionekane.

Maporomoko unayasikia kabla ya kuyaona. Halafu hewa inapoa, majani yanalowa, na unatokea mbele ya maji yanayoshuka mita 170 kwa hatua tatu. Tuliogelea kwenye bwawa la chini yake, maji baridi hadi meno yanagongana. Baadaye, juu kabisa, tulikaa tukiangalia bonde la Kilombero na mashamba ya miwa yaliyotandikwa kama mkeka wa kijani. Pale tuliamua: ukumbi mdogo, wageni nusu, na harusi isogezwe mbele hadi mkopo uishe. Kamati ilinuna. Mama mdogo alicheka.

Mzunguko ambao wengi huumaliza kwa saa nne, sisi tulitumia sita. Inhela aliitumia mara moja.

Kama na ninyi mnataka kwenda

Lengeni Juni hadi Oktoba, na laleni Mang'ula ili muanze asubuhi. Chukueni vitambulisho vya taifa, kwani ada ya raia ni nafuu kuliko ya mgeni. Kila mtu abebe maji yake, angalau lita mbili, pamoja na chakula, koti la mvua na nguo kavu. Viatu viwe vyenye meno na mlivyokwisha kuvizoea, si vipya. Mwongozaji wa hifadhi ni lazima, na mwenye ugonjwa wowote amwambie kabla ya kuanza kupanda.

Na kabla ya yote hayo, kaeni na karatasi. Mkifika kwenye kipengele ambacho mmoja wenu anashindwa kuandika, msikiruke.